Kwa nini fainali ya sirizi ya majoka hukuacha juu ya mnazi

Mwaka 2024, mwezi wa nane, hapa Langoni, Lamu, nusura watu washikane mashati kwa sababu ya joka. Sitanii. Vijana wawili nawajua vizuri, mmoja ana boti ya kupeleka watu Shela na mwengine anauza simu, walikuwa wamemaliza kuangalia sizoni ya pili ya House of the Dragon, ile sirizi ya wafalme na majoka, usiku ule, wakaja barazani asubuhi kila mtu na lake. Wa boti anasema ameibiwa, wiki nane amengoja vita, majoka yanapanda na kushuka, majeshi yanaandamana, meli zinang'oa nanga, watu wote wanakunja uso kana kwamba wanaenda kufa kesho, halafu pap, majina yanaanza kupanda kwenye skrini. Wa simu anasema wewe huelewi sirizi, hio ndo fainali yenyewe, imekuandaa.

Pembeni alikuwa ami mmoja, fundi wa majahazi wa zamani, na kikombe chake cha kahawa tungu. Akauliza kwa upole kabisa, "Kwani alokufa nani?"

"Hajafa mtu wa maana, ami."

"Basi aloshinda nani?"

"Bado hawajapigana."

"Sasa imekwisha vipi?"

"Haijakwisha."

Ami alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kwenye kikoi. "Sasa munalia nini na nyinyi, si imesemwa haijakwisha?"

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria swali la ami, imekwisha vipi na haijakwisha, manake ndani yake mna kila kitu ambacho watu hugombania fainali ikitoka. Nimeona nilifungue fundo hili kidogo kidogo. Na ntasema mapema: humu ndani ntataja nani alikufa, nani alifufuka, nani alichoma nini. Kama bado uko sizoni ya kwanza ya Game of Thrones, sirizi iliyoitangulia hio ya majoka, na hutaki kuharibiwa, nenda kamalize, mimi niko hapa.

Fundo la kwanza ni kwamba watu wanachanganya mwisho wa sizoni na mwisho wa hadithi. Bibi yangu alikuwa nazo zote mbili, ingawa hajawahi kusikia neno sizoni. Hadithi za sungura na fisi alizimaliza usiku ule ule, paukwa pakawa, tukacheka, tukalala. Lakini zile ndefu, za mwana wa sultani aliyetoka kwenda kutafuta dawa ya babake mpaka nchi ya majini, hizo alizikata vipande, na zilichukua hata wiki. Nilipokuwa mdogo nilidhani anakata pale usingizi unapomshika. Sasa nikikumbuka naona hakukata ovyo hata siku moja. Usiku ule tulianza tukiuliza atavuka vipi bahari isiyovukika, basi bahari ilivukwa, tukaona ilivyovukwa, tukapumua, ndipo akasema: alipokanyaga mchanga akasikia mtu anamwita kwa jina lake. Kandili ikazimwa. Tukalala na swali jipya, lakini lile tuliloanza nalo lilikuwa limelipwa.

Hapo ndo siri yote ilipo kwa maoni yangu. Kila sizoni nzuri huwa inakopa kwa mtazamaji. Inachukua swali moja kubwa inaliweka mbele, na wewe unalipa kwa muda wako na bando lako na usingizi wako. Fainali kazi yake ni kulipa deni hilo, kisha ikishalipa inaruhusiwa kukopa tena. Duka lolote la mtaani linajua mambo haya: ukilipa la mwezi uliopita utapewa la mwezi huu bila kelele, lakini ukija na mkono mtupu unataka unga mwengine juu ya ule, daftari linafungwa.

Tuiangalie House of the Dragon kwa jicho hilo. Sizoni ya kwanza, 2022, episodi 10. Swali lake ni kwamba mfalme Viserys amemtangaza binti yake Rhaenyra kuwa mrithi, je nyumba hii itakubali au itapasuka? Episodi ya 9 wanamvisha taji ndugu yake wa baba, Aegon, na ya 10 mwanawe Rhaenyra, Lucerys, anauliwa angani ndani ya tufani, joka dogo likimegwa na joka zee liitwalo Vhagar. Picha ya mwisho ni uso wa mama anageuka. Hasemi neno. Lakini swali limejibiwa, nyumba imepasuka, na jipya limezaliwa papo hapo usoni mwake: atafanya nini? Hakuna aliyelalamika kwamba vita havijaanza.

Sizoni ya pili ikaja na swali ambalo watu wote walilielewa hivi: vita vimeanza, vitaendaje? Kuna pigano moja kubwa katikati, episodi ya 4, na lile lilikuwa zuri jamani. Lakini fainali yenyewe ikawa ni msafara, huyu anaelekea huku, yule anaelekea kule, muziki unapanda. Yaani ilikopa juu ya deni. Sizoni yenyewe ilipunguzwa kutoka episodi 10 hadi 8, na ukijua hilo unaona kabisa pale pande lilipokatwa, ni kama samaki asiye na mkia. Kwa hiyo kijana wa boti alikuwa na haki ya kukasirika na kijana wa simu alikuwa na haki ya kusema picha ni nzuri, manake walikuwa hawazungumzii kitu kimoja. Mmoja anazungumzia deni, mwengine anazungumzia sura ya mkopaji.

Sasa kuna jambo jengine ambalo lilitupotosha sisi wote, na hilo lililetwa na Game of Thrones. Sirizi hio ilianza HBO, televisheni ya Marekani, mwezi wa nne 2011 ikaisha mwezi wa tano 2019, sizoni 8, episodi 73. Sizoni sita za mwanzo zilikuwa na episodi 10 kila moja, na waandishi wakajenga desturi kwamba kishindo hakiwekwi kwenye ya mwisho, kinawekwa kwenye ya 9. Sizoni ya kwanza, episodi ya 9, Ned Stark anakatwa kichwa, mtu ambaye sote tulidhani ndo mwenye hadithi. Ya pili, episodi ya 9, vita vya Blackwater, bahari inawaka moto wa kijani. Ya tatu, ile harusi ya mauaji, sitaki hata kuizungumzia, kuna dada yangu mmoja hapa alizima laptopu akakaa siku tatu hakuifungua. Ya nne, vita vya ukuta. Ya sita, vita vya wana haramu wawili.

Kwa nini ya 9? Mtu wa bahari ataelewa haraka kuliko mtu wa bara. Jahazi likishatia nanga watu wengi hudhani safari imekwisha, lakini nahodha anajua bado kuna kazi ya kuteremsha shehena, kuhesabu kilichopotea njiani, na kuona nani yuko ufukweni anangoja na nani hayuko. Episodi ya 9 ni kutia nanga na mawimbi yake, ya 10 ni kuteremsha mizigo. Ukiweka kishindo mwisho kabisa huna nafasi ya kuonyesha kimefanya nini kwa watu, na hadithi ya kufikirika, yenye wafalme na majoka na wachawi, inahitaji nafasi hio kuliko hadithi ya kawaida, manake watu wake ni wengi na wako mbalimbali, mmoja kaskazini kwenye barafu mwengine jangwani, na wote lazima habari iwafikie.

Ndo maana fainali ya sizoni ya kwanza haina vita kabisa na bado ni mojawapo ya bora kuwahi kuonyeshwa. Watu wanalia msiba wa Ned, mwanawe anatangazwa mfalme wa Kaskazini, na mbali huko Daenerys anaingia kwenye moto wa maziko ya mumewe akiwa na mayai matatu ya joka, asubuhi anakutwa hai, uchi, majivu matupu, na majoka matatu madogo yamemng'ang'ania. Dunia isiyokuwa na majoka zaidi ya miaka 100 sasa ina matatu, na anayeyalea ni yule yule msichana aliyeuzwa mwanzoni.

Hapa naomba nikae kidogo, manake hapa ndo pana utamu. Kwa nini tulikubali? Mtu anaingia kwenye moto haungui na mayai ya mawe yanaanguliwa, mbona hatukusema huu uongo? Kwa sababu mbegu zilipandwa mapema na sisi tulikuwa tunaziangalia bila kujua kwamba ni mbegu. Episodi ya 1 anaingia kwenye maji ya kuoga yanayotoka mvuke, kijakazi anamwonya yanaunguza, yeye hashtuki. Episodi hio hio anapewa mayai zawadi ya harusi, anaambiwa yamegeuka mawe kwa umri. Episodi ya 6 anayaweka kwenye makaa, analinyanyua moja kwa mikono mitupu, kijakazi anamnyang'anya na mikono ya kijakazi ndo inayoungua, yake haina kitu. Na episodi hio hio tena kakake anamwagiwa dhahabu ya kuyeyushwa kichwani na anakufa, kumbe yeye si wa damu ya moto ile. Mara tatu nne tumeonyeshwa. Ikifika episodi ya 10 hatuoni muujiza, tunaona mavuno.

Mwandishi Mrusi, Anton Chekhov, alikuwa akiwaambia wenzake kwamba bunduki ikining'inizwa ukutani mwanzo wa mchezo basi lazima ilie kabla mchezo haujaisha, vinginevyo usiiweke. Wazungu wanapenda kumtaja kila wakizungumzia mambo haya. Lakini mimi mtu wa Lamu sina haja ya kwenda Urusi, ninayo tupa, kile chuma cha kukerezea vyuma.

Tupa ya Fumo Liyongo, nani hapa hajaisikia. Liyongo amefungwa gerezani Pate, pingu na minyororo, na kesho keshokutwa atauliwa. Kila siku mamake humpelekea chakula kwa mkono wa Saada, kijakazi wao, na kila siku walinzi wanakula kile kizuri wao kwanza, yeye wanamwachia makombo. Ukisikiliza unadhani hilo limewekwa tu ili uwachukie walinzi. Kumbe ndo mbegu. Liyongo anamtuma Saada kwa shairi, maneno ya fumbo, mama apike mkate wa wishwa, mbaya kabisa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wanauona, wanaucheka, wanamrushia. Ulafi wao tuliouona mara zote zile ndo uliompitishia chombo. Halafu anaomba jambo la mwisho kabla ya kufa, achezewe gungu, na ngoma na siwa zinapolia watu wanaimba yeye anakereza minyororo yake chini ya kelele, ngoma inakwisha naye amesimama huru. Muhammad Kijumwa, mtu wa hapa hapa Lamu, mwandishi na mchonga mbao, aliuandika utendi huo 1913, na hadithi yenyewe ilikuwa ikisimuliwa zamani sana kabla yake. Sirizi yoyote ikinipa fainali iliyofungwa vizuri kama mkate ule nitailipia mwaka mzima.

Kinyume cha tupa ni mungu wa winchi. Wagiriki wa kale kwenye michezo yao walikuwa na mashine ya mbao ya kunyanyulia, na mtunzi akishajifunga mwenyewe kwa mafundo yake asijue atokeje, alimteremsha mungu kutoka juu kwa winchi ile aje amalize kesi. Aristotle alilikemea jambo hilo zaidi ya miaka 2300 iliyopita, akasema ufumbuzi utoke ndani ya hadithi yenyewe, akatoa na mfano wa mchezo wa Medea, mwanamke anayetoroka kwa gari la angani. Ukisikia mtu anasema fainali imemaliza kimkato, mara nyingi analalamikia winchi hio hio.

Na hadithi za uchawi ndo ziko hatarini zaidi kuliko zote, manake ndani yake kila kitu kinawezekana, na kama kila kitu kinawezekana basi hakuna kinachotisha. Mwandishi Brandon Sanderson aliliweka vizuri mwaka 2007, kwamba uwezo wa mtunzi kutatua tatizo kwa uchawi unategemea msomaji anauelewa uchawi ule kiasi gani. Kwa lugha yetu hilo linaitwa sharti. Hakuna jini kwenye hadithi zetu asiye na sharti. Pete lazima isuguliwe, chumba cha saba kisifunguliwe, ukitazama nyuma unageuka jiwe. Mtoto wa miaka mitano akisikia sharti anajua tayari kwamba litavunjwa, anangoja tu lini, na akingoja hivo ndo umemshika. Uchawi bila sharti ni mvua ya mchele, unafurahi dakika moja halafu unauliza sasa kwa nini tulilima.

Lakini nisiwe mkali sana. J.R.R. Tolkien, mtunzi wa The Lord of the Rings, aliitetea furaha ya ghafla, akaibunia neno kabisa, yukatastrofe, kwenye insha yake ya hadithi za kufikirika iliyochapwa 1947: pale kila kitu kimeharibika na ghafla mambo yanageuka yakawa mema. Kwenye hadithi yake hio Frodo na Sam wako kwenye mlima unaopasuka moto, hawana nguvu, hawana njia, tai wakubwa wanakuja kuwanyanyua. Wapo wanaosema hio ni winchi yenye mabawa. Mimi nasema hapana, kwa sababu kazi yao ilikuwa imekwisha, pete mbaya waliyotumwa kuiteketeza imeshaingia motoni, na tai wale hawakuifanya hata sehemu ndogo ya kazi ile. Wamekuja kuwachukua wachovu. Msaada ukija baada ya deni kulipwa unaitwa baraka, ukija kulipa deni lenyewe ndo tunagombana.

Sasa kesi ngumu kuliko zote, na hapa barazani imezua maneno mpaka leo: usiku ule wa 2019, sizoni ya 8 episodi ya 3, Arya, binti wa Ned Stark, anamchoma kisu Mfalme wa Usiku na jeshi zima la maiti linaanguka. Je, mbegu zilipandwa? Zilipandwa, usinidanganye. Kisu kile kilitokea sizoni ya kwanza mkononi mwa muuaji aliyetumwa kwa mdogo wake, sizoni ya 7 akapewa Arya. Mafunzo yake ya kutembea kimya tumeyaona miaka mingi. Hata yule mwanamke mwekundu alimwambia sizoni ya tatu kuhusu macho atakayoyafunga. Kila kitu kipo. Basi kwa nini nusu ya watu walibaki mdomo wazi na si kwa furaha? Kwa sababu swali halikuwa la Arya. Tangu sizoni ya 5 tuliwekwa kumtazama Jon Snow, askari wa ule ukuta, na Mfalme wa Usiku wakitazamana kutoka botini mpaka ufukweni, tukaambiwa kwa picha kwamba hawa wawili wana jambo. Arya deni lake lilikuwa kwengine, kwa walioua familia yake. Kwa hiyo mbegu ilipandwa vizuri lakini imevunwa kwenye shamba la mtu mwengine. Wengi wanaotetea episodi ile wanataja kisu, na wengi wanaoiponda wanamtaja Jon, wote wana ukweli, na hawatasikizana mpaka kiama.

Tuje kwenye kufa. Kwenye sirizi za kufikirika kufa si lazima kuwe kufa, na fainali inapenda sana kuchezea hapo. Tarehe 14 Juni 2015 Jon Snow alichomwa visu na watu wake mwenyewe, akabaki chali kwenye theluji, sizoni imeisha. Mwaka mzima watu wanabishana. Akarudi episodi ya 2 ya sizoni iliyofuata. Sharti lilikuwepo, tangu 2013 tulimwona mpiganaji mmoja, Beric, akifufuliwa na kuhani wake, na Beric mwenyewe akasema kila akirudi anarudi akiwa amepungua kitu. Mlango ulikuwa wazi, basi. Na waandishi walifanya jambo moja la werevu: Jon alikuwa ameapa kiapo cha mpaka kufa, sasa amekufa, kiapo kimekwisha, anavua joho anaondoka zake. Hio nimeipenda, ni akili ya kikadhi kabisa. Ila ile bei ya kupungua sikuiona sana, alirudi na makovu na uso mzito kidogo, basi. Linganisha na Buffy wa sirizi ya Buffy the Vampire Slayer, sizoni ya 5 mwaka 2001, anajirusha afe badala ya mdogo wake. Walipomrudisha, sizoni nzima iliyofuata ni mtu aliyetolewa kwenye raha akarudishwa kwenye bili na mabomba yanayovuja. Hapo bei imelipwa.

Fainali za kumvua mtu barakoa ntazipita haraka, zinajulikana. The Rings of Power, 2022, sizoni nzima tunaulizana Sauron, yule adui mkubwa, ni nani, fainali inasema ni Halbrand, yule aliyekuwa rafiki. Udhaifu wake ni kwamba ukishalikisia mapema huna kingine cha kungoja, na hapa mtaani watu walikisia wiki ya pili. Kuna pia fainali ya kukutanisha, kama The Witcher 2019, wawili waliotafutana sizoni nzima wanakumbatiana msituni. Hio sina ugomvi nayo, nilitokwa machozi.

Sasa hili la kuachwa. Waingereza wanaliita kuning'inia kwenye jabali, na wengi huhusisha jina hilo na riwaya ya Thomas Hardy iliyotoka jaridani vipande vipande, ikawa kitabu 1873, ndani yake mtu anabaki anang'ang'ania ukingo wa jabali na msomaji anangoja toleo lijalo. Sisi Lamu majabali hatuna, tuna mchanga na minazi, basi mimi naita kuachwa juu ya mnazi: umepanda, umefika kileleni, nazi uko karibu kuzishika, unatazama chini ngazi haipo. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela aliijua kazi hio kuliko wote kwa sababu kichwa chake kilikuwa juu ya meza, akikosea kukata anakatwa yeye. Na Marekani mwaka 1980 mtu aitwaye J.R. alipigwa risasi mwisho wa sizoni ya sirizi ya Dallas mwezi wa tatu, watu wakangoja mpaka Novemba kujua nani alimpiga.

Tofauti ni kwamba Shahrazadi alirudi kesho yake. Siku hizi ukiachwa juu ya mnazi unakaa miaka miwili. Na kampuni inataka ukae, manake unalipa kila mwezi, na mtu mwenye swali kichwani hakatizi malipo. Hapo ndo biashara inapoanza kuandika hadithi badala ya mwandishi. Wakati mwengine hata ngazi hairudi kabisa. The Wheel of Time ilipata sizoni tatu tu, Mei 2025 ikasimamishwa, fainali ya sizoni ya tatu ambayo ilikopa maswali mengi kweli kweli ikawa ndo mwisho wa kila kitu. Watu wale mpaka leo wako juu. Kwa sababu hio mimi nimeanza kuwaheshimu waandishi wanaofunga milango mingi na kuacha mmoja tu wazi, ili hata wakifukuzwa kesho wewe mtazamaji umebaki na kitu cha mkononi.

Na ile fainali ya mwisho kabisa ya Game of Thrones, Mei 2019? HBO walisema watu milioni 19.3 waliitazama usiku ule Marekani, na zaidi ya milioni moja wakatia saini mtandaoni kutaka sizoni nzima iandikwe upya. Mimi nina maoni ambayo hapa barazani hayapendwi: jibu lilikuwa sahihi. Miaka minane swali ni nani atakaa kwenye kiti kile, na jibu ni kwamba joka linakiyeyusha, hakuna wa kukaa. Hilo ni jibu la mtunzi mkubwa. Shida ni mwendo. Daenerys kutoka mkombozi mpaka mchoma mji, safari hio inataka sizoni mbili, ilipewa episodi chache ndani ya sizoni ya episodi 6. Bran, yule mdogo wa Arya, kuwa mfalme, mbegu mbili tatu hazikumwagiliwa. Vitabu vya George R.R. Martin ambavyo sirizi ilitokana navyo viliwaacha waandishi wake njiani, cha tano kilitoka 2011 na cha sita wakawa hawana, wakabaki wanasafiri bila ramani. Tena mgema alikuwa amesifiwa sana miaka ile, na tembo mwajua lilivyokuwa.

Nilijaribu kuwaeleza haya yote wale vijana wawili siku nyengine jioni, stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, hakuna sirizi wala feni, tumekaa barazani tunajipepea. Wa boti akasema, maneno mazuri lakini nionyeshe fainali moja isiyo na kasoro. Ami akajibu kabla yangu. Akamchukua Liyongo pale nilipomwacha mimi, ametoroka, hashikiki, watu wamemtega juu ya mkoma ili wamfume mishale akipanda zamu yake, yeye akaziangua koma kwa mshale kutoka chini asipande. Sultani wa Pate akaona huyu hauliki, akamwita mwanawe Liyongo mwenyewe, akamwahidi binti wa kuoa, kamuulize babako kinachomuua. Mtoto akaenda. Baba akajua ametumwa, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni.

Ami alisimulia polepole, sauti ya chini. Mtoto anangoja baba alale. Mkono unamtetemeka, anarudi nyuma, anakuja tena. Anachoma. Liyongo anaamka, anachukua uta wake, anatoka mpaka kisimani, anapiga goti, anavuta mshale tayari kufuma, na roho inatoka pale pale, mwili haukuanguka. Asubuhi wanawake wanakuja kuteka maji wanamwona, wanakimbia. Siku ya kwanza hakuna maji. Ya pili hakuna maji. Mji mzima unakufa kiu kwa kuogopa maiti, hakuna anayejua amekufa.

Kijana wa boti alikuwa ameshaacha kujipepea. "Na yule mtoto ami? Alimpata mke?"

Adhana ya isha ikaanza. Ami akavaa kandambili zake, akajikunguta kikoi, akashuka barazani.

"Ami! Yule mtoto!"

"Kesho," akasema, akapotea kwenye kichochoro.